Syokimau ni stesheni mbili, usizichanganye

Ukimwambia mtu mkutane "stesheni ya Syokimau", bado hujamwelekeza. Ziko mbili. Ya kwanza ni kituo cha treni za abiria wa jijini Nairobi, kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ya pili ni Nairobi Terminus, ya SGR, yaani reli mpya ya Mombasa, ambayo imekuwapo tangu treni yake ya abiria, Madaraka Express, ilipozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Kwa treni, kutoka moja hadi nyingine ni dakika chache tu. Kwa miguu, ukiwa na masanduku mawili na mtoto mgongoni, ni habari nyingine.

Jina lenyewe lina uhusiano na reli. Syokimau alikuwa mtabiri wa Kikamba, na inasimuliwa kwamba kabla reli haijafika alisema litakuja joka refu litemalo moto, likitambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu 1901. Kumbe joka lilipita hapa zaidi ya miaka mia moja bila kuwa na kituo cha maana cha kuwachukua wakazi, mpaka Syokimau, Mlolongo na Athi River zilipojaa nyumba na Barabara ya Mombasa ikawa haipitiki asubuhi.

Kituo cha 2012 kilijengwa kwa wazo moja: mwenye gari aliache hapa kwenye maegesho, apande treni, ashuke katikati ya jiji. Umbali ni kilomita 16 hivi, na njiani treni hupitia Imara Daima na Makadara. Reli ni ile ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Ndiyo maana treni ya Mombasa haiwezi kuendelea hadi Stesheni Kuu ya mjini hata ungeiomba vipi: magurudumu yake yamezidi njia kwa milimita 435.

Wengi huuliza kwa nini treni za kituo hiki hujikusanya asubuhi kuelekea mjini na jioni kurudi, huku mchana pakiwa kimya. Abiria wenyewe huja kwa vipindi hivyo, lakini jibu lingine liko relini. Sehemu kubwa ya njia ni reli moja, hivyo treni mbili zinazokutana hupishana penye njia ya pembeni tu. Moja ikichelewa, nyingine husimama kuisubiri, na ucheleweshaji wa dakika kumi unajikuta umegawiwa treni mbili.

Kuna pia suala la kichwa cha treni. Treni ya mabehewa yanayovutwa ikifika mwisho wa safari, kichwa kiko upande usiofaa. Hukatwa kutoka kwenye mabehewa na kusogezwa mbele, njia hugeuzwa, kikapita reli ya kando hadi upande wa pili na kurudi taratibu kuungwa. Kisha mabomba ya breki huunganishwa, hewa hujazwa, na breki hupimwa hadi behewa la mwisho. Hakuna anayeruhusiwa kuruka hatua hiyo ya mwisho, hata abiria wakipiga makelele. Kukwepa kazi ya kuhamisha kichwa ndiyo faida ya treni za dizeli zilizonunuliwa Uhispania na kuanza kuwasili 2020. Zilikuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca, ambako nako reli ni ya milimita 1,000. Injini ziko chini ya sakafu na kuna chumba cha dereva kila upande, kwa hiyo dereva hutembea tu hadi upande wa pili na safari ya kurudi inaanza. Kwa njia fupi kama hii, hapo ndipo muda unapookolewa, wala si kwenye mwendo kasi.

Sasa Terminus. Anayetoka katikati ya jiji ana treni ya kuunganisha kutoka Stesheni Kuu, inayopangwa kulingana na saa za Madaraka Express. Tiketi yake hulipiwa kando. Ya Mombasa haikupi nafasi humo. Ukitaka kuipandia Makadara, soma kibao cha treni kwanza, kwa kuwa hapo ndipo njia ya Ruiru inapochepuka. Mwenye gari anayetumia Expressway, ile barabara ya kulipia, atoke kwenye mlango ulioandikwa SGR. Ule wa Syokimau ni mwingine, na kosa hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani.

Tiketi ya Mombasa hukatwa kwa *639# au mtandaoni, ukalipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500 hadi mwisho wa njia. Andika jina na nambari ya kitambulisho kama zilivyo kwenye kadi, maana langoni vyote viwili hulinganishwa. Desemba na Pasaka usingoje wiki ya safari. Fika saa nzima kabla: mizigo hupangwa chini ikanuswe na mbwa, halafu inapita kwenye mashine, na foleni hiyo haina njia ya mkato. Kisu cha jikoni ulichomnunulia shangazi kitabaki hapo.

Halafu saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kwa Kiswahili. 08:00 ni saa mbili asubuhi, treni inayosimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi. 15:00 ni saa tisa alasiri. 22:00 ni saa nne usiku. Anayesikia "saa nane" na kufika mchana huambiwa treni yake inakaribia Mombasa au imeshafika.

Anayerudi kwa treni ya usiku naye aangalie tarehe: inaondoka Mombasa saa nne usiku, inafika Syokimau siku ya pili kabla hakujapambazuka. Anayekuja kukupokea mwambie tarehe ya kufika, si ile iliyoandikwa kwenye tiketi, na umsisitizie asimame Terminus. Akienda kile kituo cha 2012 saa hizo, atakuta lango limefungwa.