Nyota ya Babu na kilima cha Namirembe

16 Februari, usiku

Miguu inaniuma. Viatu viko mlangoni, bado vina udongo mwekundu wa Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Anglikana Kampala, na sina nguvu ya kuvisafisha leo.

Ni siku ya mapumziko ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliyeuawa mwaka 1977 enzi za Idi Amin. Wengine wamekwenda Mucwini, Kitgum, alikozikwa. Sisi wa Jinja tusio na nauli ya Kitgum tumepanda teksi hadi Kampala, mimi na mtoto wa kaka yangu, yule aliyeingia jeshini mwaka juzi.

Safari ilianza na ugomvi. Saa kumi na moja alfajiri kijana alitoka chumbani amevaa kombati, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamwambia avue.

"Shangazi, si tunaenda kanisani tu?"

"Ndiyo maana nakuambia uvue."

Akavaa shati, akanuna Njeru, akanuna msitu mzima wa Mabira, akanuna Lugazi. Tulipofika Namawojjolo wauza kuku wakavamia madirisha na vijiti vyao, nikamnunulia paja na gonja mbili, zile ndizi za kuchoma. Hasira za askari zinaishia tumboni, Babu alikuwa akisema hivyo, na yeye alijua.

Nyota ya Babu, medali yake ya Vita Kuu ya Pili, nilikuwa nayo mkobani. Ni ya shaba, ina ncha sita, na utepe wake ni wa buluu iliyokolea wenye mstari mwekundu katikati na mistari miwili ya rangi ya chungwa, ingawa siku hizi rangi zote zinaelekea kuwa kahawia. Imeandikwa Burma. Ukiigeuza nyuma hukuti kitu, jina lake halipo. Nilipokuwa mtoto niliona ni dharau: mtu amevuka bahari, amekula malaria katika bonde la Kabaw mwaka 1944, amefika mto Chindwin, halafu anapewa kipande cha shaba ambacho hata mwizi angeweza kudai ni chake. Babu hakujali. Alichojivunia ni kile kichwa cha kifaru kilichoshonwa begani, nembo ya divisheni yao.

Alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), bataliani ya nne, ya Uganda. Alitoka Acholi hajui neno la Kiswahili, jeshi likamfundisha. Kwa Kiswahili hicho hicho cha gwaride ndipo alipojifunza kusali, kwa sababu kwenye mahema walikuwa wamechanganyika, Mwacholi, Mlango, Mteso, Mlugbara, na "Baba yetu uliye mbinguni" ya Kiswahili ndiyo waliyoweza kuisema pamoja. Alirudi Jinja akabaki kambini, baba yangu akazaliwa humo, na sisi tukarithi lugha. Nyumbani kwetu Walukuba Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombezwa na lugha ya kusali kabla ya kulala. Mtu akisema "simama wima" sikujua kama ni adhabu au ni ibada.

Kampala kilikuwa na maana nyingine. Waliokuwapo miaka ya sabini, enzi za Amin, wanajua. Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani, sauti ya anayegonga mlango usiku. Mpaka leo ukiongea Kiswahili kwenye teksi ya Wandegeya, kuna mzee atakayekuangalia mikononi kabla ya kukuangalia usoni.

Ofisa mmoja Mwingereza aliwahi kumsimulia Babu kwamba kwao bendera ya kikosi ikizeeka hupelekwa kanisani kwa gwaride, ikatundikwa juu ukutani, na hapo huachwa mpaka ichakae yenyewe. Haishushwi, haifuliwi. Babu aliipenda sana habari hiyo. Nadhani alikuwa na picha kichwani ya askari na kanisa wanaozeeka pamoja kwa amani.

Namirembe haikupata bahati hiyo. Januari 1892 Kapteni Lugard, wa kampuni ya Waingereza, alikuwa kilima cha jirani, Old Kampala, na bunduki yake ya Maksimu, na Waprotestanti wa upande wetu wakashinda vita vya Mengo kwa msaada wake. Kanisa la Wakatoliki pale Rubaga likachomwa moto. Jambo hili kanisani kwetu tunalitaja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kisha kuna askari wa Kisudani, wale waliokuwa wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudani, ambao Lugard aliwaleta na serikali ikawafanya kuwa jeshi lake. Mwaka 1897 walichoka na safari zisizoisha na mshahara duni, wakaasi, wakajifungia kwenye ngome kwa chifu Luba, Busoga. George Pilkington, mmisionari aliyefasiri Biblia kwa Kiganda, aliandamana na jeshi lililokwenda kuwazingira, akapigwa risasi huko Desemba. Kwa Luba huko huko ndiko Hannington, askofu wa Anglikana, alikouawa mwaka 1885. Uasi ulipozimwa jeshi lilisukwa upya, na mwaka 1902 Keya ikazaliwa. Neno "afande" ambalo mpwa wangu hulitamka mara mia kwa siku lilikuja na Wasudani hao, nao walilipata kwa Waturuki.

Nilimsimulia haya tukipanda kilima kwa miguu. Alisikiliza nusu, nusu nyingine alikuwa kwenye simu.

Nilichotaka hasa kumwambia ni cha 1977, na hicho kilinikwama kooni mpaka tulipokaa ndani, chini ya kuba, kwenye benchi la nyuma.

Baba mkubwa, kaka wa baba, naye alikuwa askari Jinja. Julai 1971 askari Waacholi na Walango waliuawa kambini na askari wenzao. Yeye hakurudi nyumbani, na hakuna aliyetuletea hata kofia. Idi Amin, aliyekuwa ameshika nchi wakati huo, alikuwa ametokea Keya ile ile. Babu alikuwa akimtazama ulingoni alipokuwa bingwa wa ngumi, akimshangilia na wenzake. Hilo lilimtesa kuliko alivyokubali kusema.

Halafu usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari wakaingia nyumbani kwa Askofu Mkuu kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua. Tarehe 16 Luwum akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Redio ikatangaza ajali ya gari. Namirembe walikuwa wamechimba kaburi kando ya Hannington, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi. Jumapili tarehe 20 watu walijaa hata hivyo, wakaimba kando ya shimo lisilo na mtu.

Babu alikuwa mmoja wao. Alivaa koti, na nyota aliiacha nyumbani. Walipofika kwenye Sala ya Bwana kila mtu alisali kwa Kiganda, naye akasali kwa sauti ya chini kwa lugha aliyofundishwa kusalia. Mama aliyesimama mbele yake akasikia. Hakugeuka. Akamvuta mtoto wake mkono, wakasogea hatua tatu.

Babu alinisimulia mara moja tu. "Hakukosea," alisema. "Ningekuwa yeye, ningesogea hatua kumi."

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza, "Alimaliza sala?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikamwambia sijui.

Baada ya ibada tulitoka nje, tukaenda makaburini. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti wanang'oa magugu kwenye kaburi la familia, wanaongea taratibu, jiko la chai ya mtu fulani linanukia huko nyuma. Nikampa kijana nyota aishike. Aliigeuza akatafuta jina kama nilivyotafuta mimi, akaniangalia, nikatikisa kichwa.

Hapo simu yake ikalia. Akakaza mgongo bila kujua, visigino vikagusana.

"Ndiyo, afande!" Sauti ya uwanjani kabisa. "Niko Kampala, afande! Nafika jioni, afande!"

Wale wanawake waliacha kuongea. Mmoja aliinua kichwa, akamwangalia mikononi, na mkononi mle kulikuwa na nyota ya Babu. Sijui aliona nini. Aliinama tena akaendelea na magugu, ila hawakuongea tena mpaka tulipoondoka.