Theluji ya Hotaka Katika Joto la Dar es Salaam

Nimekuwa nikivaa saa ya mkono ya Grand Seiko SBGA211 karibu kila siku ya kazi tangu kabla ya masika, na sasa kipupwe kinaelekea ukingoni. Niliyoyasoma kabla ya kuinunua yalihusu usahihi wake na ustadi wa kung'arishwa kwake. Niliyokuja kuyajua kwa kuivaa ni kwamba uzuri wa saa hii umewekwa karibu sana na mvaaji, kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu haoni kitu zaidi ya saa nyeupe yenye mkanda wa kijivu, na hata mimi mwenyewe baadhi ya mambo yake yalinichukua miezi kuyaona.

Uso wake ndio ulionivuta kwanza. Wapenzi wa saa huiita Snowflake, kwa sababu uso huo ulitengenezwa ufanane na theluji iliyochongwa na upepo kwenye milima ya Hotaka, ambayo huonekana kutoka karakana ya Shinshu, mjini Shiojiri katika mkoa wa Nagano, Japani, inakoundwa. Weupe wake hautokani na rangi nyeupe. Bamba hugandamizwa hadi likapata mikunjo midogo mno, kisha hupakwa fedha kwa namna inayoifanya nuru itawanyike. Ofisini, chini ya taa, uso huwa karibu kijivu. Kivulini mwa mwarobaini huwa na weupe wa maziwa, na asubuhi, jua likiwa bado chini, mikunjo hujitenga mmoja mmoja. Nimekulia Moshi, na theluji niliyoizoea ni ile ya Kibo, ambayo mawingu huifunua alfajiri na mara nyingi huifunika tena kabla ya jua kupanda. Kwa hiyo weupe unaobadilika kwa saa za siku ni jambo nililolipenda tangu utoto, na nimefurahi sana kulikuta kwenye kazi ya mafundi walioutazama mlima wao kwa subira ileile.

Uso huo hauna tarakimu za saa, una vijiti, kidirisha cha tarehe na kipimo kidogo cha nguvu iliyobaki. Kwetu sisi tunaohesabu saa moja tangu jua linapochomoza, na ambao tangu utotoni tumezoea kusoma upande wa pili wa ule unaooneshwa na mshale mfupi, hilo ni raha ndogo ambayo sidhani waliobuni saa hii waliifikiria.

Nilipoipeleka kwa fundi saa mmoja wa Kariakoo anipunguzie pingili za mkanda, aliiweka sikioni kabla ya kufanya lolote, kama wafanyavyo mafundi wa rika lake. Alisikiliza, akaitazama, akasikiliza tena.

“Mbona hailii? Ni ya betri?”

“Hapana, Mzee. Ina kamani.”

“Mwanangu, kamani nazifahamu. Kama hailii, ni nini kinachoishika isikimbie?”

Sijasikia swali zuri kuliko hilo kuhusu saa hii. Kamani, yaani springi iliyoviringishwa inayojazwa na mwendo wa mkono, husukuma magurudumu yote kama ilivyo katika saa za wazee wetu. Lakini mwishoni mwa mfululizo huo, mahali ambapo saa nyingine ingekuwa na kizuizi kinachoshika na kuachia kwa zamu, na ndicho kinachotoa mlio, hapa kuna gurudumu linalozunguka upande mmoja tu, mara 8 kila sekunde. Mzunguko wake huzalisha umeme kidogo mno, wa kutosha tu kuitetemesha fuwele ya kwatzi mara 32,768 kwa sekunde na kuiendesha saketi inayolinganisha mwendo wa gurudumu na mtetemo huo. Gurudumu likitaka kwenda mbio, nguvu ya sumaku hulizuia bila kuligusa. Hakuna betri wala mota. Mhandisi Yoshikazu Akahane wa kampuni ya Seiko alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1977, na saa za kwanza za aina hii hazikuuzwa hadi 1999, kwani ilibidi matumizi ya umeme wa saketi yapunguzwe hadi kiwango ambacho kamani ingeweza kukimudu. Mtambo ulio ndani ya saa yangu, 9R65, ulianza kutumika mwaka 2004. Kiwanda kinaahidi kwamba hautapotea zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi, na wangu umekuwa bora kuliko ahadi hiyo.

Matokeo ya yote hayo ni mshale wa sekunde wa samawati usioruka wala kusita. Wiki za kwanza niliutazama kama ajabu. Siku hizi nautazama kwa sababu nyingine: saa ya kuruka hunihesabia muda uliokatwakatwa, ilhali hii hunionesha muda unavyopita kweli, bila kituo, na nakiri kwamba kuuona hivyo siku nzima kumenifanya nisiwe mwepesi wa kusema “dakika moja tu” kwa mtu anayenisubiri.

Kuhusu uvaaji wenyewe sina mengi. Ni ya titaniamu, gramu 100 hivi pamoja na mkanda, na jasho la Februari na chumvi ya pwani haviidhuru. Pingili niliziacha na nafasi kidogo kwa sababu mkono hufura mchana. Ikijaa, kamani huiendesha kwa saa 72, hivyo nikiivua Ijumaa jioni bado huikuta ikitembea Jumatatu asubuhi.

Kifungo cha mkanda kimepata mikwaruzo ya meza, na pembeni kuna mmoja mrefu zaidi wa mlango wa gari. Sitaiondoa. Zile nyuso zilizonyooka kama kioo hung'arishwa kwa mkono na mafundi waliofundishwa kwa miaka mingi, na mtu asiye na ujuzi huo akizisugua, kingo zake hupoteza ukali na hazirudi tena.

Fundi wa Kariakoo aliponirudishia saa alinionya kwa upole: “Siku ya kuifungua ikifika, mimi usiniletee.” Ana haki, kwani mtambo wa namna hii huhudumiwa na waliousomea, na hao wako mbali. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya saa hata kama haikuandikwa kwenye risiti, na anayefikiria kununua aihesabu tangu mwanzo. Mimi huiwekea akiba kidogo kila mwisho wa mwezi, katika akaunti ileile ninayowekea matengenezo ya gari.