Habari ya kujiua bila njia wala barua

Ushauri mbovu kuliko wote nilipewa na mkongwe mmoja chumba cha habari hapa Kenya: "Kijana, habari ya kujiua bila barua ya marehemu ni mchuzi bila chumvi." Na huyo ndiye alikuwa akinifundisha kazi!

Nilianza kwa ustaarabu. Nilimwekea mhariri mezani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari: usieleze njia, usichapishe barua, usiipambe habari, taja msaada unapopatikana. Jioni nikaukuta chini ya kikombe chake cha chai.

Basi nikatumia ujanja. Polisi walipotoa taarifa yenye kila kitu mpaka rangi ya kamba, niliandika aya fupi fupi, na kichwa cha habari nikakitunga mwenyewe, herufi kwa herufi, kikajaa safu mbili barabara. Nikawasilisha ukurasa ukikaribia kufungwa. Aliyetaka kuchomeka "kichaa" angelazimika kupangua ukurasa mzima huku gari la magazeti likinguruma nje. Nani athubutu? Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Lakini huwezi kuishi kwa ujanja. Kilichomlainisha mhariri ni Vienna, Austria: mwaka 1987 vyombo vya habari huko vilikubali kuacha kupamba habari za watu kujiua kwenye treni za chini ya ardhi, na visa vikapungua upesi. Ya madaktari hasikii, ya magazeti wenzake husikia.

Ndipo nikamletea habari ya fundi baiskeli aliyejaribu kujiua, akapata nafuu, na bado anahudhuria kliniki. Jina nililificha. Tangu Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, polisi hawana kesi naye, ila majirani hawajasoma hukumu. Kabla ya kuchapisha nilimsomea maneno yake kwa simu. Akaondoa sentensi moja, ya mamake. Wenzangu hushikilia kwamba chanzo hasomewi habari. Shauri yao.

Mpiga picha naye akataka ile picha ya kila siku, mtu kajishika kichwa gizani. Nikamwambia huyu hakushika kichwa hata mara moja, alishika spana. Ikatoka ya vidole na spana, na chini yake mahali kliniki ilipo.

Kesho yake mhariri akaniuliza fundi huyo anapatikana wapi, baiskeli ya mwanawe imekatika cheni. Nilikataa kumwambia.