Kazi yangu ni kulaza meli makusudi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nasema napima meli, basi wanadhani natembea na futi kamba nikipima urefu. Mama yangu ndo kabisa, yeye anawaambia majirani mi ni "wa mambo ya bandari" na hapo anabadilisha mada. So nimeona niandike siku moja tu, ile ya wiki iliyopita hapa Mwanza, muone wenyewe.

Saa 10 alfajiri
Naamka Mkuyuni giza bado totoro. Sio kwamba napenda, ni upepo. Ziwa Victoria asubuhi linatulia, jua likishapanda upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na hapo kazi yangu imekufa. Meli ninayoipima inatakiwa isimame majini kama glasi iliyowekwa mezani.

Saa 11 na nusu
Nipo yadi. Meli ni mpya ya abiria, urefu mita 40, haijawahi kubeba hata mtu mmoja wa nauli. Fundi mkuu wa chuma ni mzee mmoja anayeweza kuwa babu yangu, namwamkia shikamoo anaitikia "marahaba binti, umekuja na uzi wako?" huku anacheka. Huwa anacheka hivyo kila siku ya kipimo, na huwa ndiye wa kwanza kushika nondo mambo yakiharibika.

Saa 12 hadi saa 2
Kulegeza kamba za gati, kutoa ngazi, kufukuza watu wote wasiohusika, kufunga kila kinachoweza kubingirika, kusoma alama za maji omo (mbele), katikati na tezi (nyuma) pande zote mbili kwa mtumbwi, kuzamisha kile kipimo cha uzito wa maji ziwani (maji baridi ya ziwa hayaibebi meli sawa na maji chumvi ya Dar, ukisahau hilo hesabu yote imeoza). Chifu injinia kanisainia kwamba matangi ama yamejaa mpaka juu ama ni makavu kabisa. Kumbukeni hiyo saini.

Saa 2
Sasa kipimo chenyewe. Tuna mabonge nane ya zege, kila moja kilo 750, yamepigwa mizani na kupakwa namba. Manne kushoto, manne kulia. Halafu tuna timazi tatu, ndio, timazi hizi hizi za fundi uashi, ila uzi wake ni waya mwembamba unaoshuka kwenye uwazi wa sitaha mita 3.3, na kile kichuma kizito cha chini kinaingia kwenye ndoo ya oili chafu ili kisicheze cheze. Juu kidogo ya ndoo kuna ubao na rula. Kreni inanyanyua bonge moja kutoka kushoto inalipeleka kulia, mita 7, meli inalala kidogo sana hata chai haimwagiki, lakini uzi unasogea kwenye rula. Unaandika. Bonge la pili, unaandika. Ndo hivyo.

Najua inavyoonekana. Wale vijana wa gati huwa wanakaa kwenye mapipa wanatutazama wanasema serikali inalipa watu waangalie uzi. Na mimi sio hata wa serikali.

Ila huo uzi ndo unaokwambia uzito wa meli umekaa juu kiasi gani. Kwenye karatasi kila meli ni thabiti. Ukishaijenga, welda kaongeza bati nene, bosi kataka kaunta ya vinywaji juu, mtu kaweka tangi la maji kwenye paa, na uzito unapanda kidogo kidogo kama mtoto anavyorundikiwa kuni kichwani. Huwezi kuona kwa macho. Mwaka 1628 kule Stockholm, Sweden, waliipima meli ya kivita Vasa kwa kukimbiza mabaharia 30 kutoka upande mmoja kwenda mwingine, meli ikayumba vibaya wakaogopa wakasimamisha zoezi, halafu wakaiachia iende hivyo hivyo. Safari ya kwanza tu, haijafika popote, upepo ukaibinua. Walipima vizuri tu, shida ni kwamba hakuna aliyetaka kumwambia mfalme jibu.

Saa 3 kasoro
Bonge la kwanza: sentimita 3.7. La pili: 7.5. Nafurahi, maana ukichora kwenye karatasi inatakiwa itoke mstari ulionyooka. La tatu nategemea 11.2 hivi. Inasoma 11.9. Nikasema labda upepo. La nne nategemea 15, imesoma 16.8.

Timazi zote tatu zinasema hivyo hivyo. Mstari umepinda.

Hapo ndo akatokea mwakilishi wa mwenye meli. Shati jeupe, simu mbili. "Sista, tumemaliza?" Nikamwambia bado kaka, kuna kitu. "Kitu gani sasa? Si imelala ikarudi?" Nikamweleza kuna kitu ndani kinatembea. "Hakuna mtu ndani." Sio mtu kaka, ni maji. "Chifu kasema pakavu." Akaniambia ameshatangaza safari ya kwanza, ana viti 30 vya sitaha ya juu njiani kutoka Dar, kila siku meli ikikaa gati ni hela inakatika, na kwamba yadi nyingine aliyowahi kupeleka chombo walimaliza saa 4 asubuhi. Sikumjibu, nikaenda kuangalia kamba kama kuna iliyokaza, hakuna. Nikakagua ngazi, imetolewa. Nikarudi yupo palepale. "Sista, kwani ukiandika 15 kuna shida gani? Si ndo ulikuwa unaitegemea?"

Nilihesabu mpaka kumi. Kwa Kisukuma.

Mzee fundi wala hakuongea, alichukua spana akaenda kufungua kifuniko cha chumba kitupu cha mbele, kile ambacho hakitakiwi kuwa na chochote zaidi ya hewa. Tukamulika na tochi. Maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, yamebaki tangu walipojaribu uvujaji wiki mbili nyuma. Meli ikiwa wima yamekaa kimya nyuma ya ubavu wa chuma, meli ikilala kiasi fulani yanaruka ule ubavu yanakimbilia upande wa chini na kuzidi kuisukuma. "Tezi na omo, marejeo ni ngamani," mzee akasema, akashuka.

Kama hujawahi kubeba beseni la maji nusu kichwani hutanielewa. Likijaa na kufunikwa unatembea. Likiwa nusu linakuvuta lenyewe, ukiinama kidogo nalo linakwenda huko huko. Meli nayo ni hivyo hivyo, na ndo maana tangi nusu linanitisha kuliko tangi lililojaa.

Pampu ikagoma. Bila shaka. Tukatoa kwa ndoo, watu sita kwenye foleni, mimi wa tatu, joto humo ndani kama kwenye tanuru la mkate, harufu ya rangi inapanda kichwani, na juu nasikia mwakilishi anaongea na simu "hawa wanachota maji tu mpaka saa hizi." Tulichota mpaka saa 7 mchana, tukamalizia na matambara. Tulipotoka ziwa lilikuwa limeshachafuka, mawimbi madogo meupe, uzi unacheza kama mshale wa spidi kwenye daladala. Hakuna kupima. Mama lishe alinitunzia sato na ugali, nikalala kwenye turubai dakika 20 kofia usoni.

Wakati tunasubiri upepo, yule mwakilishi akakaa karibu yangu. Akauliza kwa sauti ya chini safari hii, hivi haya mambo ni ya kweli au ni taratibu tu. Nikamuuliza yeye kwao wapi. Bukoba. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Mtu wa Bukoba huhitaji kumsimulia tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba iliyozama siku hiyo ilikuwa na kibali cha abiria 430, na makaburi ya waliokufa, pale Igoma hapa Mwanza, kila mtu anayajua. Mama yangu mpaka leo hapandi chombo usiku. Na MV Nyerere mwaka 2018 karibu na Ukara, kivuko cha watu 101, waliokufa peke yao walizidi 220. Ukishajaza hivyo, watu wakisogea upande mmoja ni sawa na mimi na mabonge yangu, ila hawa hakuna kreni ya kuwarudisha.

Jioni, sikuangalia tena saa
Upepo ulikata jua likielekea kuzama. Tukaanza upya kabisa, alama za maji upya maana tumetoa uzito, mtumbwi tena, mgongo unalia. Bonge la kwanza 3.7. La pili 7.5. La tatu 11.3. La nne 15 kamili, nikataka kumkumbatia mwendesha kreni. Tukayarudisha, tukaenda upande wa pili, nayo ikakubali. Za mwisho tumesoma kwa tochi.

Hesabu ni fupi kuliko siku yenyewe. Tani 3 mara mita 7 ni 21, gawanya kwa tani 420 za meli nzima unapata 0.05. Uzi umehama sentimita 15 kwenye 330, ni 0.045 na kitu. Gawanya hiyo ya kwanza kwa hii ya pili: mita 1.1. Hicho ndo kipimo cha uthabiti, kikipungua maana yake uzito umepanda juu. Mchoro ulisema 1.16. Sentimita 6 zimepotelea kwenye paa la chuma na kaunta ya vinywaji ambavyo havikuwepo kwenye mchoro. Meli tupu bado ni salama, tatizo ni ukishaanza kupandisha watu juu, kila mtu tunamhesabu kilo 75, amesimama, na wote wakimbilie upande mmoja kuangalia kisiwa. Hiyo ndo hesabu ya usiku huu na kesho, na nilishaona inaelekea wapi.

Nyumbani nimefika saa 4 usiku, mikono inanuka oili. Nimevua kiatu kimoja simu ikaingia ujumbe: "Sista pole na kazi. Vile viti 30 vya juu vimefika. Vijana wavifunge kesho asubuhi?"

Nikajibu: "Msivifunge."