Tangazo langu la mia nane

Nina mkahawa Majengo, Mombasa, mahamri na mbaazi asubuhi, biriani Ijumaa. Pale penye sinki ya kunawia mikono vigae vilikuwa havikauki. Watu wawili watatu walishateleza wakacheka. Jirani yangu wa duka la simu akanipa elimu: "Bandika tangazo tu, hakuna wa kukushtaki." Nikamlipa mchoraji wa matatu kama mia nane, akanipigia herufi nyekundu: SAKAFU INATELEZA, UKIANGUKA SHAURI YAKO. Wallahi lilipendeza.

Mwezi haukuisha, bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaanguka chini ya tangazo hilo hilo akavunjika kifundo cha mkono. Hakuwa hata na miwani.

Barua ya wakili wake ilipofika nilikwenda kwa wakili wangu kifua mbele, picha ya tangazo kwenye simu. Akaitazama, akaniuliza: "Akishalisoma, apite wapi?" Nikanyamaza. Njia ya kufikia meza ni moja, na inapita sinki. Akanifungulia Sura ya 34 ya sheria za Kenya, ile ya wajibu wa mwenye kushika mahali kwa wanaoingia: tangazo halikuokoi mpaka liwe linamtosha mgeni kujisalimisha. Nikamtupia lawama mwenye nyumba. Wakili akasema anayefungua mlango asubuhi na kuamua sakafu ipigwe deki saa ngapi ni mimi. Bima je? Ile niliyokuwa nayo ni ya wafanyakazi, mteja haimgusi. Ndara za bibi zilikuwa zimelika, kweli, lakini hilo lingepunguza tu fungu langu la kulipa, si kulifuta.

Tukakaa na wanawe. Nililipa risiti za hospitali na siku alizokosa kukaanga viazi karai, jumla elfu sitini na kitu, ya wakili mbali. Andikisheni, mtie sahihi kwamba madai yamekwisha. Bila hivyo mtu ana miaka 3 ya kukushtaki.

Sasa sakafu. Niliweka mkeka kwanza. Mkeka ukamchukua mpishi wangu, na sufuria ya chai mkononi, mpaka chini ya meza ya wazee wa bao. Chai haikummwagikia mtu, ila mpishi alininunia siku mbili. Zulia la plastiki likaweka maji chini yake kama kidimbwi, na harufu.

Aliyeniokoa ni fundi wa maboti wa Mji wa Kale. Sitaha hulowa siku nzima na mabaharia hawaanguki, nikamuuliza siri. Akavikwaruza vigae kwa msasa, akapaka rangi ya boti, na ikingali mbichi akanyunyiza mchanga uliochekechwa, ikakauka, akapaka tena juu. Mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikamletea mchanga wa ufuoni, wa bure. Wiki moja tu rangi ikabanduka kama ngozi ya samaki. "Una chumvi huo, mzee," akaniambia, akarudia kazi na kunidai tena.

Kuijaribu, nilimwaga maji ya sabuni nikavaa ndara kuukuu kuliko zote nyumbani, nikapita mara kumi watu wakinitazama. Sikuteleza. Bomba la sinki nalo nilibadilisha.

Bibi amerudi, anakaa meza ya mlangoni. Tangazo nimeligeuza, nyuma yake nimeandikia bei ya mahamri.