Nani anampa nani pasi

Makocha tumezoea kusema kipaji hakijifichi. Labda hakijifichi, lakini kinafichwa, tena na watoto wenyewe.

Leo tulikuwa na mechi ya kuchagua timu ya kata. Wachaguzi wamekaa kivulini na madaftari yao, kila kundi linacheza dakika 20. Macho yangu yalikuwa kwa winga mmoja wa kushoto aliyehamia kwetu mwaka huu kutoka Tabora. Anamtoroka beki, anabaki peke yake pembeni, ananyoosha mkono kuomba mpira. Kiungo wa timu yake anainua kichwa, anamwona kabisa, kisha anageukia kulia kwa rafiki yake wa mtaani ambaye tayari amebanwa na watu wawili. Ikawa hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Jina la winga halikuandikwa. Kwa mtoto wa shule ya msingi hilo si dogo, maana kata ndiyo ngazi ya kuelekea UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, na ukiachwa hapo unasubiri mwaka mwingine.

Baada ya mechi nilimuuliza beki aliyekuwa anamkaba ni nani amemsumbua. Alimtaja yule mgeni papo hapo. Wenzake wanajua! Nenda kwenye chandimu yoyote, mpira wa mtaani usio na refa wala kocha, tazama manahodha wawili wanavyochagua wachezaji mmoja mmoja, utapata orodha ambayo sisi wenye vyeti tungehitaji wiki nyingi kuipata.

Hata hivyo orodha hiyo nayo ina upendeleo wake. Mashindano ya vijana kwa kawaida huhesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ni rika moja kwenye karatasi, ingawa wameachana karibu mwaka mzima. Mwaka 1985 huko Kanada, Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ligi za juu. Kwetu naiona hivi: aliyezaliwa mapema ndiye mwenye kifua, mwenye kifua anapewa unahodha na wenzake, nahodha anapelekewa kila mpira, na mwenye mpira ndiye anayeandikwa.

Kwa wasichana urafiki una nguvu zaidi. Wengi huja mazoezini wawili wawili. Mmoja akikatazwa nyumbani, yule wa pili naye unamkosa, hata awe golikipa hodari namna gani. Ndiyo maana nikienda kuzungumza na mzazi, huwa napitia nyumba zote mbili.

Jumatano kuna mechi nyingine ya kuchagua. Nimeshamwomba mwenyekiti wa wachaguzi tuvunje makundi ya mitaa: kila mtoto acheze nusu ya kwanza na anaowajua, nusu ya pili na asiowajua. Na kabla ya majina kusomwa, kila mmoja atunong'oneze wachezaji watatu ambao angependa wawe upande wake. Amekubali lile la kwanza. La pili anasema atalifikiria, na kesho asubuhi nitampitia tena.