Siku moja maishani mwangu: ioni mbili na saa moja

Saa 2 asubuhi. Kwenye skrini ya kamera naona vitone viwili vya mwanga, yaani ioni mbili za kalsiamu (atomu zilizopoteza elektroni moja) zilizonaswa kwa nguvu za umeme ndani ya ombwe, ziking'aa katika leza ya nanomita 397 inayozipoza.

Saa 3. Leza ya nanomita 729, ambayo ndiyo mapigo ya saa yetu ya atomu, imeachana na chemba ya vioo inayoituliza. Kuirudisha kunanichukua nusu saa.

Saa 5. Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kinachonisumbua mwezi huu ni mabadiliko madogo ya masafa ya ioni (idadi ya mitetemo kwa sekunde ya mwanga inaoufyonza) yanayotokea pale ambapo uga wa umeme wa mtego hauko sawa pande zote za ioni. Ukiyapima kwa ioni moja, yumbo la uga wa sumaku huyafunika. Mwaka 2006 watafiti wa Innsbruck, Austria, walionyesha njia ya kutokea: kuzifungamanisha ioni mbili, yaani kuziunganisha kikwantamu ziwe na hali moja ya pamoja, iliyoundwa kwa makusudi, ambayo nusu yake ina ioni moja kwenye ngazi ya nishati ya −5/2 na nyingine +3/2 (namba zinazoonyesha jinsi ioni ilivyoelekea katika uga wa sumaku), na nusu ya pili ina zote mbili kwenye −1/2. Jumla ya kila nusu ni −1, kwa hiyo sumaku ikiyumba nusu zote husogea pamoja na tofauti yake hufutika, ilhali athari ya umeme, inayofuata mraba wa namba hizo, hubaki na hata kukuzwa. Mimi huona uzuri wa mbinu hii uko katika hesabu yake, inayomtosha mwanafunzi wa sekondari.

Saa 8 mchana. Tunasubiri, tunapiga mipigo ya leza, tunasoma: ioni inayong'aa iko kwenye ngazi ya chini ya nishati, iliyozimika iko ya juu. Ukiitazama moja peke yake utadhani ni sarafu inayorushwa. Habari imo katika kama zimefanana au zimetofautiana. Hatuwezi kusubiri sana, kwa kuwa ngazi ya juu huishi zaidi kidogo tu ya sekunde moja, na hapa ioni yoyote kati ya mbili ikianguka kipimo kimeharibika.

Saa 11 jioni. Nabadilisha volti za mtego hatua kwa hatua, na nukta za vipimo kwenye grafu zinajipanga kwenye mstari ulionyooka, isipokuwa ya mwisho. Naiagiza kompyuta iirudie usiku kucha.